Mzazi na Mtoto Katika Banda la Farasi

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosemwa na saisi mmoja mbele ya machifu, walimu na wazazi, wakati wa likizo ya shule.)



Nimeombwa niseme habari za kazi yangu, nayo ni usaisi, yaani utunzaji wa farasi. Najua kwamba wengi wenu hamjapata kumgusa farasi, na wengine mmemwona kwa mbali tu, siku ya gwaride la askari au katika picha. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha ufugaji wa farasi, kwani katika kijiji hiki hakuna hata mmoja. Nimekuja kusema habari za kazi za banda ambazo mimi na binti yangu huzifanya pamoja wakati wa likizo, na sababu zilizonifanya nipende azifanye pamoja nami, wala asiwe mtu wa kutumwa tu. Neno hilo "pamoja" ndilo lililonileta hapa. Nimeona watoto wengi waliopewa kazi za mifugo, lakini wachache sana wamezifanya huku baba au mama yuko kando yao.

Banda letu liko pembeni mwa mji wa Nairobi, si mbali na uwanja wa mashindano ya farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954. Farasi wengine ni wa mashindano, na wengine ni wa kupandwa na watu wanaojifunza. Kila saisi ana farasi wake wa kutunza. Mimi ninao watatu. Neno lenyewe saisi ni la Kiarabu, nalo lilifika kwetu kwa njia ya Bahari ya Hindi pamoja na kazi yenyewe. Baba yangu alikuwa saisi kabla yangu. Yeye alinifundisha kwa kunituma na kunikemea, nami nilijifunza, lakini sikupenda binti yangu ajifunze hivyo.

Kazi huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jambo la kwanza si kushika ufagio wala ndoo, ni kusema. Mtu akaribiapo mlango wa farasi humwita kwa sauti ya upole, ili mnyama ajue kwamba mtu yuaja. Macho ya farasi yako kando ya kichwa, si mbele kama yetu. Kwa sababu hiyo huona karibu pande zote, lakini mahali pawili haoni: mbele kabisa ya paji lake, na nyuma kabisa ya mkia wake. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Tangu zamani salama yake ilikuwa miguu yake. Mtu akitokea nyuma kimya kimya, farasi hajui kama huyo ni saisi wake au ni simba, wala hangoji kujua: hupiga teke. Basi yafaa kumkabili kwa upande wa bega, mkono umguse shingoni kwanza, na mtu akitaka kupita nyuma yake, ama apite mbali sana, ama apite karibu kabisa huku mkono wake umelala juu ya mgongo wa farasi, ili ajue mtu yuko wapi.

Farasi mkubwa ana uzito wa kilo 500 hivi. Hiyo ni kama magunia matano na nusu ya mahindi, yenye miguu minne na yenye hofu. Binti yangu alipoanza alikuwa na umri wa miaka tisa, nadhani hakuzidi kilo 30. Likizo yake ya kwanza hakuingia chumbani mwa farasi hata mara moja. Alisimama mlangoni, akanitolea ndoo na kunirudishia, akatazama. Akaniuliza, "Baba, nitaingia lini?" Nikamwambia, "Utaingia siku utakayoweza kuniambia, kabla sijagusa farasi, kama leo ana furaha au ana hasira." Likizo ya pili alikuwa akisema, "Huyu amelaza masikio nyuma, Baba, tumwache kwanza." Hapo nikaona ya kuwa amekwisha anza kazi, ijapokuwa mikono yake ilikuwa mitupu.

Tena kuna habari ya kamba. Kamba ya kumwongozea farasi haizungushwi mkononi kamwe. Hukunjwa mikunjo mirefu, ikashikwa katikati ya mikunjo, ili farasi akishtuka na kukimbia kamba itoke, isije ikakata vidole au kumburura mtu. Na fundo la kumfungia mtini ni lile linalofunguka kwa kuvuta ncha moja tu. Mambo haya mawili nilimfunza mtoto nyumbani, kwa kamba na mguu wa meza, jioni nyingi, mpaka akaweza kufunga na kufungua amefumba macho. Wazazi wenzangu, nasema kweli, katika banda moja nisilolitaja nilimwona kijana aliyepoteza kidole kwa sababu ya mzunguko mmoja wa kamba. Hakuna aliyemwambia. Alitumwa tu: "Nenda ukamlete yule farasi."

Sasa nije kwenye samadi, maana hiyo ndiyo kazi kubwa ya asubuhi, nanyi msicheke. Farasi mmoja hutoa mavi kiasi cha kilo 20 au zaidi kila siku, bila kuhesabu mkojo na matandiko yaliyolowa. Sisi hutandika maranda ya mbao. Kila asubuhi twatoa mavi kwa uma mkubwa, twakusanya mahali palipolowa, twarudisha makavu, twaongeza mapya. Mkojo ukiachwa hutoa harufu kali ya kuchoma macho, na harufu hiyo huharibu mapafu ya farasi. Hapa mtoto alinishinda. Kwa kuwa yeye ni mfupi, pua yake iko karibu na sakafu kuliko yangu, akanionyesha pembe moja ambayo mimi nilidhani ni kavu, kumbe chini imeoza. Tangu siku hiyo tukifika katika kila chumba yeye hunusa kwanza.

Lakini samadi si uchafu wa kutupa tu. Ni habari za usiku. Kama vile mwalimu asomavyo gazeti, ndivyo saisi asomavyo mavi ya farasi wake. Mavi mema ni madonge yaliyoshikamana, yakianguka huvunjika kidogo. Yakiwa madogo na makavu, farasi amekunywa maji machache. Yakiwa laini sana, chakula kimebadilishwa kwa haraka, au kuna minyoo, au kuna hofu. Na yakiwa hayapo, hilo ndilo neno baya kuliko yote. Farasi mzima hunya mara nyingi, mara nane au kumi au zaidi kwa mchana na usiku. Basi nilimfunza binti yangu kuhesabu marundo ya kila chumba kabla ya kuyaondoa, naye akaandika katika daftari ya shule iliyobakiwa na kurasa.

Likizo moja ya mwezi wa Aprili tulikuwa na farasi jike mzee, mwekundu, mpole, ambaye watoto wengi walijifunzia kupanda. Asubuhi hiyo mimi nilikuwa chumba cha pili. Binti yangu akaja na daftari yake, akasema, "Baba, huyu mama ana marundo mawili tu, na jana yalikuwa tisa. Na majani yake hajayamaliza." Nikaenda kutazama. Farasi alikuwa amesimama kimya. Mtu mwingine angalipita na kusema hana neno. Lakini mara akageuza kichwa akatazama ubavu wake, akainua mdomo wa juu, akakwangua sakafu kwa ukwato. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima hunguruma daima kama maji yapitayo katika mawe. La huyu lilikuwa kimya upande wa kuume na upande wa kushoto.

Huo ni msokoto wa tumbo, ugonjwa unaoua farasi wengi duniani. Nawaeleza sababu yake. Farasi hawezi kutapika. Kila kitu alichomeza kina njia moja tu ya kutokea, na njia hiyo ni ndefu na yenye pembe nyingi. Tena tumbo lake la kwanza ni dogo, haliwezi kuchukua zaidi ya lita 15 hivi, ijapokuwa mwili wake ni mkubwa. Kwa hiyo ameumbwa kula kidogo kidogo mchana kutwa. Ukimlisha nafaka nyingi mara moja, au majani yenye ukungu, au ukimnyima maji, hewa au chakula hukwama ndani, na pengine utumbo hujizungusha wenyewe.

Tukampigia simu daktari wa wanyama. Nikatoa chakula chote chumbani, nikamwongoza farasi polepole uwanjani. Mtoto akataka kushika kamba nami. Nikamkataza, nikamweka nje ya ua, mahali awezapo kuona wala asiweze kufikiwa. Farasi mwenye maumivu hayo hujitupa chini ghafula na kujiviringisha, wala hatazami ni nani aliye karibu. Akaniuliza kama atakufa. Nikamjibu, "Huenda akafa. Ndiyo maana tumemwita daktari mapema." Najua kuna wazazi watakaosema haifai kumwambia mtoto maneno kama hayo. Mimi naona mtoto aliyehesabu marundo amestahili kupewa jawabu la kweli.

Daktari alikuja kabla ya saa mbili kupita. Akampa dawa ya maumivu, akapitisha mpira mrefu puani mpaka tumboni, akamimina mafuta na maji. Jioni ile farasi akanya, na wale waliokuwapo walifurahi kama watu walioona mvua. Sisemi kwamba binti yangu ndiye aliyemponya. Daktari ndiye aliyemponya. Lakini katika ugonjwa huu kila saa ina thamani, na saa zile za kwanza tulizipata kwa daftari ya mtoto.

Baada ya samadi ni maji. Farasi hunywa lita 25 mpaka 50 kwa siku, na wakati wa joto au baada ya kazi huzidi. Ndoo husuguliwa kila siku, kwani farasi huchukia maji machafu, atakaa na kiu kuliko kuyanywa. Kuchukua ndoo iliyojaa si kazi ya mtoto. Yeye huchukua nusu, akaenda mara mbili. Wako watu wanaofikiri ya kuwa mtoto akielemewa atapata nguvu. Huo si ukweli. Akielemewa hupata maumivu ya mgongo, na huanza kumwaga maji njiani ili mzigo upungue, kisha hujifunza kuficha.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Majani makavu ndiyo chakula chenyewe. Shayiri na pumba ni nyongeza kwa farasi afanyaye kazi. Kila fungu la majani hufunguliwa na kunuswa. Likiwa na vumbi jeupe la ukungu hutupwa, hata kama limenunuliwa kwa fedha nyingi.

Kisha twashughulika na kwato. Hapa mimi ndiye ninayeinua mguu, na mtoto hutazama, mpaka alipofika miaka kumi na mmoja ndipo nikamwachia farasi mmoja tu, yule jike mzee. Mtu husimama kando ya bega, uso wake ukielekea mkia, akateremsha mkono polepole kwenye mguu mpaka chini, na farasi aliyefunzwa huinua mwenyewe. Uchafu huchokolewa kwa chuma, kutoka kisigino kwenda mbele, wala si kinyume, ili chuma kisichome ile nyama laini yenye umbo la pembe tatu iliyo katikati ya ukwato. Kama pana harufu ya kuoza na maji meusi, farasi amesimama katika unyevu, na lawama ni ya yule aliyetandika. Mhunzi wa kwato huja kila majuma sita au manane, akakata na kupiga viatu vipya. Siku hiyo mtoto hukaa mbali, kwa sababu ya misumari na ya moto.

Napenda mjue jambo moja tena linalohusu watoto na mabanda, nalo ni pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huu hukaa katika udongo na katika mavi ya farasi, vikaingia kwa jeraha dogo, hata la mwiba au la msumari. Farasi wenyewe huchanjwa. Je, sisi? Kabla sijamleta binti yangu bandani nilimpeleka zahanati, nikaonyesha kadi yake ya chanjo, na muuguzi akaongeza ile iliyokuwa imebaki. Haya si mambo ya farasi peke yake. Ng'ombe wako, punda wako, shamba lako la mboga lenye samadi, vyote vina udongo wa namna hiyo. Nakuombeni, mtakaporudi nyumbani mzitafute kadi hizo.

Mama yangu mzazi alipopata habari kwamba mjukuu wake yuko bandani, hakufurahi. Aliniambia, "Mwanangu, hatukumpeleka mtoto shule ili azoe mavi ya mnyama wa watu." Sikumjibu neno, maana mama hajibiwi kwa ukali. Lakini bandani petu samadi hurundikwa mahali pamoja, ikanyunyiziwa maji na kugeuzwa, nayo hupata joto jingi ndani yake, hata moshi huonekana asubuhi ya baridi. Joto hilo huua mayai ya minyoo na mbegu za magugu. Baada ya miezi michache huwa nyeusi, haina harufu, hushikika kama udongo mwema wa msituni. (Ikiwekwa shambani ikiwa mbichi huchoma mimea, wengi wamefanya hivyo wakailaumu samadi.) Mwenye banda hutupa ruhusa kuchukua. Mimi na mtoto tukajaza magunia manne, tukayapeleka kwa bibi yake. Sukuma wiki yake ya mwaka ule ilikuwa na majani kama masikio ya ndovu. Siku hizi haulizi juu ya mavi ya watu; huuliza magunia yatakuja lini.

Sasa niseme habari iliyo nzito kidogo. Wakati mmoja, nikiwa kazini mahali pengine, saisi mwenzangu aliugua. Msimamizi akaniita akasema, "Binti yako anajua kazi. Mpe wale farasi watatu mpaka mwenzako apone, nami nitamlipa nusu ya mshahara." Wakati huo mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilihitaji fedha, na ada za shule hazikuwa mbali. Walakini nilikataa, nikijua ya kuwa huenda nami nikaambiwa nisirudi.

Nilimwambia hivi. Mtoto huyu afanya kazi kwa sababu mimi niko hapa. Mkono wangu uko karibu na mkono wake. Akichoka, hukaa. Akiogopa, hutoka. Siku ya shule haji kabisa. Ukimpa farasi wake mwenyewe, na mshahara wake, na saa zake, hataweza tena kuchoka wala kuogopa. Atakuwa saisi mwenye mifupa ya mtoto. Tena sheria haikubali. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 13 haajiriwi kwa kazi yoyote. Na aliye na miaka 13 mpaka 16 aweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia shule. Neno hilo nilifundishwa na mwalimu wake, nami namshukuru. Msimamizi alinuna juma zima, lakini kazi sikuipoteza.

Baadhi ya walimu wameniuliza, "Je, wewe nawe humtumikishi mtoto wako, hata kama humlipi?" Swali hilo ni la haki. Mimi najipima kwa mambo matatu au manne. Je, kazi yangu ingekwisha kama yeye asingalikuja? Ndiyo, ingekwisha, tena mapema zaidi, maana kufundisha kunachelewesha. Je, aweza kusema hapana? Amekwisha sema mara nyingi, akabaki nyumbani akicheza kamba na wenzake, nami sikumwuliza sababu. Je, anajua kwa nini anafanya kila jambo, au anajua tu kwamba ameambiwa? Na la mwisho, je, mimi mwenyewe niko pale? Mzazi anayemtuma mtoto kuchunga ng'ombe kumi, kisha yeye akaketi dukani akizungumza, asiseme kwamba anamlea kwa kazi. Machifu wanajua idadi ya watoto wanaokutwa malishoni siku ya Jumatatu, na walimu wanajua madawati yaliyo wazi siku hiyo hiyo.

Mshahara simpi, lakini nilimnunulia viatu vya mpira virefu vyenye ncha ngumu, kabla ya kununua vyangu. Farasi akikanyaga kidole cha mguu hana kosa, hajui. Viatu hivyo ni vya lazima kama daftari ilivyo ya lazima shuleni.

Imebaki kazi ya jioni, nayo naipenda kuliko zote. Kabla jua halijatua, farasi wote walio malishoni huingizwa bandani. Watu hudhani twawakimbiza chui. Hatukimbizi chui, twakimbia usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu, wanaouma zaidi tangu magharibi mpaka alfajiri. Usubi hao ndio wachukuao maradhi makubwa ya farasi ya Afrika. Farasi huingia homa, mapafu yake hujaa maji, povu hutoka puani, na wengi wasiochanjwa hufa kwa siku chache. Katika nchi ya Cape, Afrika Kusini, maradhi haya yaliua farasi wapatao 70,000 miaka ya 1854 na 1855. Wakati huo hakuna aliyejua yanatoka wapi, ila wenye farasi walikuwa wamekwisha ona ya kuwa anayelala ndani hupona kuliko anayelala nje penye umande, wakadhani umande ndio wenye sumu. Mwaka 1944 ndipo mtaalamu du Toit, wa mahali paitwapo Onderstepoort, alipoonyesha kwamba ni usubi. Hata siku hizi maradhi hayajakwisha. Mwaka 2020 yalifika mpaka Thailand, yakaua farasi mamia.

Walimu, hapa pana somo zuri la darasani. Watoto huuliza kwa nini mababu zetu wa bara walifuga ng'ombe na mbuzi, wala hawakupanda farasi kama watu wa Ethiopia au wa Arabuni. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Usubi na ndorobo waliifunga njia. Punda milia huambukizwa maradhi haya bila kuugua, akayabeba kimya kimya katika mbuga zetu. Lakini farasi mgeni akija, hufa.

Chanjo ipo, na farasi wetu huchanjwa kila mwaka, lakini chanjo haiondoi haja ya kuwaingiza ndani mapema. Basi saa kumi na moja mimi na binti yangu huenda malishoni. Yeye hubeba kamba, mimi hushika farasi. Jike mzee huja mwenyewe akisikia sauti ya mtoto, naye ndiye peke yake ninayemruhusu amwongoze, mimi nikitembea upande wa pili. Mlango wa banda hufunguliwa wote, usiwe nusu, kwani farasi akigonga nyonga mlangoni hataukubali mlango huo tena. Twawapa majani, twajaza ndoo, twatia wavu madirishani. Kisha twakaa kitako juu ya ndoo zilizofudikizwa, tukasikiliza wanavyotafuna. Hapo ndipo mtoto hunieleza habari za shule ambazo nyumbani sizisikii: ni nani aliyempiga nani, hesabu gani hakuielewa, na kwa nini rafiki yake haji tena darasani. Sijui kwa nini husema hapo wala si mezani. Labda ni kwa sababu sote wawili twatazama farasi, hapana anayemtazama mwenzake usoni.

Wako waliouliza kama nataka awe saisi. Yeye asema atakuwa daktari wa wanyama. Juzi amesema atakuwa rubani. Ana miaka kumi na miwili, na ana haki ya kubadili.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Chifu ameniambia kwamba wengi kati yenu mna punda, na kwamba mnataka kujua habari za kwato zao na za mizigo yao. Punda ni ndugu wa farasi, na mengi niliyoyasema yamhusu, ila ukwato wake ni mwembamba zaidi na hukatwa kwa namna nyingine. Nimekuja na chuma changu cha kuchokolea. Mwenye punda aliye karibu na amlete hapa chini ya mti, pamoja na mtoto amchungaye, nami nitawaonyesha wote wawili.